Mchungaji mwenye nyota begani

Mwaka 1925, miaka saba baada ya kifo chake, barua za mchungaji mmoja Mskoti zilichapwa zikawa kitabu. Aliyezikusanya na kuziandikia utangulizi alikuwa mkubwa wake wa kazi, Mchungaji Alexander Hetherwick wa misheni ya Blantyre, katika nchi iliyoitwa Nyasaland na ambayo leo ni Malawi. Mwenye barua alikuwa Robert Hellier Napier. Alikuwa akiwaandikia watu wa nyumbani kwao habari za kazi yake Afrika. Kisha vita vikaingia, akavaa sare, akapewa cheo cha luteni, na mwaka 1918 akauawa katika ardhi ya Wareno, ng'ambo ya mpaka wa Nyasaland.

Kutoka Kiwanja, huku kwetu mashariki mwa Kongo, hadi Blantyre ni safari ndefu, ziwa baada ya ziwa: Kivu, Tanganyika, kisha Nyasa lote. Lakini vita vilivyommaliza Napier ndivyo vilevile vilivyopita hapa Rutshuru. Asubuhi ambayo ukungu umeondoka, mtu akiwa Kiwanja akageukia kusini, huona volkano zimejipanga: Mikeno, Karisimbi, Sabinyo, Muhabura. Mwaka 1914 milima ile ilikuwa mpaka wa dola tatu za Ulaya. Mjerumani alishika Rwanda, Mwingereza Uganda, na Mbelgiji upande huu wa Kongo. Wafalme wao waligombana huko mbali, na huku chini watu waliokuwa wakipelekeana ndizi, chumvi na mabinti wa kuoa wakaambiwa kwamba sasa ni maadui.

Mwezi Septemba 1914 Wajerumani wa Kapteni Wintgens waliteka kisiwa cha Idjwi. Kwa mwaka mmoja na nusu pande mbili zikakaa zinatazamana na kuviziana kati ya ziwa na volkano, huku Rutshuru ikiwa kituo cha Wabelgiji. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur yakaanza kuingia Rwanda. Kikosi cha kaskazini cha Kanali Molitor kikaifikia Kigali tarehe 6 Mei. Kikosi cha kusini cha Olsen kikavuka upande wa Rusizi. Tarehe 19 Septemba mji wa Tabora ukaanguka, na humo wakakutwa wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wamefungwa na Wajerumani tangu vita vianze. Waliowafungulia milango walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, vijana wa Kongo.

Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi. Kwa upande wa Wabelgiji peke yao hesabu inayotajwa ni watu 260,000 waliobebeshwa mizigo katika vita vile. Sababu ilikuwa wazi. Barabara hazikuwapo, reli zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda kabla hawajafika popote. Kikabaki kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 25: risasi, unga, mahema, vipande vya mzinga, hata chupa za dawa za wazungu. Leo mtu wa Kiwanja akipakia viazi au makaa kwenye chukudu, baiskeli yake ya mbao, mzigo mara kumi ya ule, huenda akasema babu zake walikosa gurudumu tu. Walikosa na mengine: chakula walichokizoea, blanketi, daktari, na ruhusa ya kukataa.

Katika vita vya namna hiyo, mchungaji wa Kiskoti alitafuta nini?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1916 iliyowalazimisha wanaume kuingia jeshini iliwaacha watumishi wa dini. Hakuna aliyeweza kumkamata mchungaji na kumtia bunduki mkononi. Wengi waliokwenda vitani walikwenda kama makasisi wa jeshi: kuzika, kuombea, kuandika barua kwa mama wa marehemu. Wachache walichukua njia ya pili, wakawa maofisa kama maofisa wengine. Napier alikuwa wa njia hii ya pili, na alichokuwa nacho jeshi lilikihitaji kuliko risasi. Mmisionari aliyekaa na watu alijua lugha yao, alijua njia za miguu, alijua jumbe gani ana neno na jumbe gani ana jina tu. Akawekwa kwenye kazi ya upelelezi, kazi ya kusikiliza kabla ya kupiga. Sikio lililojifunza lugha ili lihubiri likatumika kuwinda habari za adui.

Hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo, na haufai kupitwa haraka.

Mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Blantyre, huko Chiradzulu, alikuwako mchungaji mwingine. Jina lake John Chilembwe. Alikuwa amesomea uchungaji Marekani, katika chuo cha Wabaptisti weusi cha Virginia, akarudi nyumbani mwaka 1900 kuanzisha misheni yake. Kanisa lake kubwa la matofali lilimalizika mwaka 1913. Vita vilipoanza, watu wa Nyasaland walikufa katika mapigano ya Karonga, tarehe 9 Septemba 1914, kaskazini mwa ziwa. Chilembwe akaliandikia gazeti la walowezi barua akiuliza kwa nini Waafrika wamwage damu katika ugomvi usio wao, wakati siku za amani hawakuwa na sehemu katika mema ya serikali. Barua hiyo ilizuiwa na wakaguzi wa serikali.

Tarehe 23 Januari 1915 watu wake walisimama. Katika shamba kubwa la Magomero walimuua meneja, William Jervis Livingstone, mtu aliyechukiwa kwa ukali wake juu ya wapangaji waliolipa kodi ya ardhi kwa kazi ya mikono, ile iliyoitwa thangata. Uasi ulidumu siku chache tu. Tarehe 3 Februari Chilembwe alipigwa risasi akikimbilia mpaka wa Wareno. Serikali ikalilipua kanisa lake kwa baruti.

Basi nchi ndogo moja, vita vimoja, na wachungaji wawili waliouawa. Mmoja aliuawa na askari wa serikali ya Mwingereza. Mwingine aliuawa akiwa ofisa wa serikali ileile. Mmoja aliuliza mapema kwa nini watu wake wafe; mwingine akavaa sare bila kulazimishwa na sheria. Leo uso wa Chilembwe uko kwenye noti za Malawi, na kila tarehe 15 Januari nchi humpa siku yake. Mwaka 2022 sanamu yake, iliyotengenezwa na Mmalawi Samson Kambalu, ilisimamishwa Trafalgar Square, London, amevaa kofia ambayo Mwafrika wa siku zake hakutakiwa kuibakiza kichwani mbele ya mzungu. Napier anakumbukwa na wachache wanaosoma barua zake. Haifai kumcheka wala kumtukana. Alilipa kwa uhai wake mwenyewe. Lakini anayetaka kuelewa kifo chake lazima akisome pamoja na kile cha Chilembwe. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Alikufaje? Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwa amesukumwa hadi ukingo wa nchi aliyoitetea, alivuka mto Ruvuma pamoja na wapiganaji wasiozidi 2,000 na wapagazi wao. Tarehe 25 akaipiga ngome ya Wareno ya Ngomano, akachukua bunduki, risasi na chakula cha kuwatosha watu wake, akaendelea kusini. Mwaka wote wa 1918 vita vikawa mbio za paka na panya katika misitu ya Msumbiji. Nyasaland ikawa mlango wa nyuma wa wawindaji. Kutoka huko zilitoka doria ndogo ndogo, ofisa mmoja na watu wachache, kuvuka mpaka na kunusa adui alipo. Katika kazi hiyo ndimo Napier alimouawa. Lettow-Vorbeck mwenyewe hakushindwa. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya.

Wapagazi wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Inakadiriwa kwamba karibu 200,000 walichukuliwa katika miaka ile minne. Vijiji vikabaki na akina mama, wazee na watoto. Mashamba yakalala.

Blantyre ilikuwa na ndugu yake kaskazini. Mchungaji David Clement Scott, aliyejenga lile kanisa maarufu la matofali la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote pale Blantyre, alihamia Kenya mwaka 1901 kuiongoza misheni ya Waskoti ya Kikuyu. Wagikuyu waliwasikia wageni wakijiita Scot, wakalilainisha jina kinywani mwao, na mahali pakaitwa Thogoto hadi leo. Scott alifariki 1907. Akaja Henry Scott, naye pia kutoka Nyasaland, akafariki 1911. Ndipo uongozi ukamwangukia daktari kijana wa Glasgow, John William Arthur, aliyefika Kikuyu 1907 kama tabibu, na ambaye alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1915.

Huyu Arthur alikuwa mwenyeji wa mkutano uliotikisa kanisa la Kiingereza dunia nzima. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta umoja. Mwishoni wakala Meza ya Bwana pamoja, katika kanisa la Waskoti, askofu wa Mombasa akiongoza ibada. Habari zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Weston alikuwa Mwingereza, mtu wa misimamo mikali ya kikatoliki ndani ya Uanglikana, na kwake jambo lile lilikuwa uzushi. Akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Magazeti ya London yalilijaza neno Kikuyu kwenye kurasa zao kwa miezi. Kisha Agosti 1914 ikafika, na ugomvi wa meza ukafunikwa na ugomvi wa mizinga.

Ajabu ni kwamba Weston na Arthur, watu wawili ambao kwa imani yao hawakuweza kukaa meza moja, vita viliwafanyisha kazi ileile. Mwaka 1916 Askofu Weston alikusanya wapagazi wa Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akawaongoza mwenyewe bara. Hakuwatuma. Alitembea nao kwa miguu. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Arthur.

Mwaka 1917 serikali ya nchi ambayo leo ni Kenya, kwa amri iliyosimamiwa na John Ainsworth, ilianza msako mkubwa wa watu kuliko yote iliyotangulia. Katika miezi michache zaidi ya wanaume laki moja walikamatwa kwenda kubeba. Waliojificha walisakwa usiku, wengine walikimbilia kwa majirani. Kamau wa Thogoto, aliyebatizwa katika misheni ileile na ambaye dunia ingemjua kwa jina la Jomo Kenyatta, alikwenda kukaa kwa Wamasai huko Narok. Habari za vifo zilikuwa zimekwisha kufika vijijini, na kila mama alijua kwamba Kariakoo, kama watu walivyoliita jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ni mahali pa kwenda, si pa kurudi. Arthur akaona kwamba wanafunzi na waumini wa misheni watachotwa kama wengine, watawanywe katika makundi ya watu wasiowajua, wafe. Akaiomba serikali ruhusa ya kuunda kikosi cha misheni peke yake. Wakajiandikisha watu wanaokaribia 2,000, wa Waskoti, wa misheni ya Kianglikana na wa misheni za Wamarekani. Arthur akawa kapteni wao, na wenzake wa misheni wakawa maofisa chini yake.

Walijitolea? Kwa jina, ndiyo. Kikosi kiliitwa cha watu wa hiari. Lakini mtu ambaye upande mmoja ana mchungaji wake na upande wa pili ana kamba ya mnyapara, hiari yake ina mipaka, na Arthur mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo maana aliharakisha.

Kilichowaokoa wengi wao kilikuwa jiko. Katika vikosi vya kawaida watu waliozoea viazi vitamu, ndizi na kunde walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusu saa kwa kuni mbichi baada ya kutwa nzima njiani, matumbo yakakatika. Kuhara damu kuliua kuliko risasi. Baridi ya nyanda za juu za kusini ikawamaliza kwa kichomi wale waliokuwa na blanketi moja. Kapteni Arthur alikuwa daktari kabla hajawa ofisa. Watu wake walikuwa na viongozi wao wenyewe, wapishi wao, na wauguzi waliofunzwa katika hospitali ya misheni. Waliporudi nyumbani mwanzoni mwa 1918, waliokufa walikuwa wachache sana wakilinganishwa na vikosi vingine.

Jambo hilo linauma kuliko linavyofariji. Linaonyesha kwamba vifo vile vyote havikuwa amri ya hali ya hewa. Chungu kilichoiva, kuni kavu na mtu anayekujua jina vingetosha kuwarudisha maelfu.

Hesabu rasmi ya Waingereza iliandika wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria waliopekua madaftari wamefikia makisio ya karibu 100,000. Mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa, kwa kuwa daftari lilipoteza jina au jina liliandikwa vibaya, na fedha zikabaki serikalini. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, alipigania miaka mingi fedha hizo zitumike kwa faida ya watu wa waliokufa. Hakufanikiwa.

Baada ya vita, Weston na Arthur wakakutana tena katika hoja. Oktoba 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka uliowataka machifu na maofisa wahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda pamoja na Dakta Arthur walitoa tamko la kuulaumu waraka huo, lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo iwapo itawekewa sheria. Weston akakataa katakata. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu alichokiita kwa maana ya watumwa wa ardhi wa Uingereza, akisema kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mtu binafsi ni kinyume cha Injili. Miaka miwili nyuma alikuwa ameushambulia utawala wa Wajerumani kwa kijitabu cha namna hiyohiyo. Sasa kipimo kilekile alikielekeza kwa watu wake mwenyewe. Katika hili, Weston ndiye aliyekuwa sahihi. Mtu aliyetembea na wapagazi hadi bara alipaswa kuyasema hayo, na aliyasema. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Arthur aliishi hadi 1952.

Huku kwetu, majeshi yalipokwisha kupita, yaliacha njaa. Kaskazini magharibi mwa Rwanda, kuanzia upande wa Gisenyi, watu walikufa kati ya 1916 na 1918 katika njaa iliyopewa jina la Rumanura. Majeshi yalikuwa yamekula mbegu, yamechukua ng'ombe, yamewaondoa wanaume. Waliokimbia walivuka kuja upande huu wa milima. Lugha nayo ikasafiri na mizigo: katika kambi za wapagazi Mhavu, Mhunde, Mnyarwanda na mtu wa Maniema walielewana kwa Kiswahili.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya kazi yake yenyewe. Ilikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ofisa aliyeuawa alipewa jina katika daftari, na Napier akapata hata kitabu. Waliokuwa nyuma yake wakibeba hema lake, hapana.

Upande wa Wabelgiji, kazi hiyo ya kutafuta majina ya wapagazi 260,000 haijafanywa kwa ukamilifu na serikali yoyote. Watoto wa waliorudi wamekwisha kufa. Wajukuu wamebaki wachache, wazee wa Kiwanja, Rutshuru, Jomba na Rugari ambao walisikia kwa masikio yao babu akisimulia alivyobeba mzigo hadi Tabora. Mwenye mzee kama huyo nyumbani aketi naye wiki hii, achukue kalamu na daftari la shule, aandike jina la babu, kijiji chake, jina la aliyekwenda naye asirudi.